Mgeni wa Chumba cha Tano

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Twaiba aliteka ndoo mbili za maji kisimani, akafagia sehemu yao ya ua, kisha akasimama mlangoni mwa chumba cha tano kumsubiri Bi Dama. Bi Dama, muuguzi mstaafu aliyeisimamia nyumba ile ya Msambweni, alipita kila chumba akiwa na daftari mkononi na kuuliza swali moja.

"Shikamoo, Bi Dama."

"Marahaba. Mmelala wangapi?"

"Watatu."

Bi Dama aliandika tatu, akaenda chumba cha sita. Haikuwa kweli. Walikuwa wamelala wanne.

Nyumba hiyo ilikuwa ya wakfu. Mwenyewe aliitoa kabla ya kufa ili iwahifadhi watu wasio na makao, na kamati ya mtaa iliiendesha kwa kanuni zilizobandikwa ukutani. Ilikuwa na vyumba vinane. Kila familia ilikaa miezi tisa huku ikitafuta kazi na mahali pa kupanga, kisha ikawapisha wengine. Kanuni ya nne ilisema kwamba familia itakayolaza mgeni itaondolewa.

Twaiba, msichana wa miaka kumi na miwili, aliishi hapo na mama yake, Mwanarusi, na mdogo wake Issa, wa miaka miwili. Mwanarusi alikuwa akifanya kazi ya usafi katika hoteli moja ya Galu. Hoteli ilipofungwa na kodi ikamshinda, mwenye nyumba alivitoa vitu vyao nje mvua ikinyesha. Kwa wiki kumi na nne walilala kwenye baraza la duka huko Ukunda.

Barazani palikuwa na sheria yake. Askari walipokuja kuuliza ni nani anayelala hapo na wako wangapi, hakuna aliyejibu, kwa sababu kila aliyetajwa alifukuzwa. Aliyemfundisha Twaiba sheria hiyo alikuwa Kathini, mama aliyetoka upande wa Shimba Hills na kuuza mahindi ya kuchoma. Kwa wiki zote hizo Kathini alilala upande wa barabarani, ili walevi wakipita wamkute yeye kwanza.

Kwa hiyo Kathini alipobisha mlango wao alasiri moja, amekonda na anakohoa, Mwanarusi hakumwuliza maswali. Alimtandikia mkeka. Siku ya kumi na nane Kathini alikuwa bado kwenye mkeka huo, dirisha limefungwa ili asionekane, na Issa anacheza miguuni pake.

Mzee Boga wa chumba cha sita alikisikia kikohozi. Yeye pia alitoka barabarani, hivyo hakusema lolote kwa msimamizi. "Huyo Issa wenu anakohoa kama mzee wa miaka sitini," alimtania Twaiba kisimani. "Mpeni na kiko basi."

Twaiba hakucheka. Asubuhi hiyo alikuwa amemwona Kathini akikohoa ndani ya kitambaa, na kitambaa kimepata damu. Issa naye alikuwa ameanza kukohoa.

Alimwambia mama yake kwamba Kathini apelekwe hospitali. Mwanarusi alikasirika, akajibu kwa sauti ya chini, meno yameumana. "Hospitali wataandika anakaa wapi. Atasema anakaa wapi?"

"Hapa."

"Basi sote tunarudi barazani."

"Na Issa je?"

"Issa ana mafua tu. Na wewe huna haya. Mtu amekulinda, unataka kumtaja?"

Siku nzima Twaiba alimkasirikia mama yake, akamkasirikia Kathini, na kila alipopita uani aliikasirikia ile karatasi ya ukutani.

Kesho yake asubuhi Bi Dama alipouliza wamelala wangapi, Twaiba alijibu, "Wanne. Na mmoja anatema damu."

Bi Dama aliingia ndani. Alifungua dirisha kwanza, kisha akakitazama kile kitambaa. Aliuliza mgonjwa ana siku ngapi humo ndani, akaambiwa.

"Siku kumi na tisa," alisema. "Dirisha limefungwa, na mtoto wa miaka miwili yumo ndani. Mwanarusi, una akili wewe?"

"Ninayo," Mwanarusi alijibu. "Ndiyo iliyonisomea kanuni ya nne."

Bi Dama alikwenda kuita tuktuk.

Kathini hakumtazama Twaiba mpaka walipofika lango la hospitali. Hapo alisema, "Mimi nilikulinda. Wewe umenitaja." Twaiba alijua kwamba yote mawili yalikuwa kweli.

Makohozi yalipopimwa, ilionekana kwamba ni kifua kikuu. Dawa zilikuwa za bure, ila zilipaswa kumezwa kila siku kwa miezi sita bila kukosa. Daktari alisema kwamba mgonjwa angechelewa mwezi mmoja zaidi, pengine asingepona. Mwanarusi na watoto walipimwa pia. Kikohozi cha Issa kilikuwa mafua kweli, lakini wote watatu walipewa dawa za kinga.

Ijumaa, baada ya sala, kamati ilikutana. Wajumbe wawili walitaka familia ya chumba cha tano iondoke siku hiyohiyo. Bi Dama alisimama akiwa amekasirika kuliko wao. Aliwaambia kwamba kwa miaka saba ameuliza swali lilelile kila asubuhi, na kila asubuhi ameridhika na tarakimu bila kuusukuma mlango. Aliwauliza ni nani kati yao aliyeandika kanuni inayomfanya mtu amfungie mgonjwa dirisha. Mwishowe walikubaliana naye. Kanuni ya nne ilibadilishwa: mgeni ataripotiwa kwa msimamizi siku anayofika, na akiwa mgonjwa atapelekwa hospitali kwanza. Stoo yenye madirisha mawili iliondolewa vitu, Kathini akapewa.

Wiki tatu baadaye, daktari akiwa ameruhusu aonwe, Twaiba alimpelekea uji.

"Bado nina hasira na wewe," Kathini alisema.

"Na mimi nina hasira na wewe. Ulijua unatema damu, na bado ukampakata Issa."

Kathini alikishika kikombe bila kunywa. "Hilo ni kweli," alisema mwishowe. "Keti."

Twaiba alipotoka, Bi Dama alimwita.

"Barazani mlinyamaza kwa sababu aliyewauliza alitaka kuwafukuza," alisema. "Siwalaumu. Hapa mlinyamaza kwa sababu sisi nasi tuliwatisha, na lawama hiyo ni yetu. Lakini ugonjwa haujali ni nani anayeuliza. Ukifichwa, unaendelea na kazi yake. Ukimwona mtu amekohoa wiki mbili, sema siku hiyohiyo kwa mtu anayeweza kumfikisha hospitali, hata kama wote watakukasirikia. Watu wakikukasirikia, utakuwa na muda wa kuzungumza nao. Mtu akishakufa, hutakuwa na muda huo."