Jina Ambalo Hatukuliandika

Jioni hiyo nilikuwa nimebeba taa ya chemni na chupa ya chai, nakwenda maabara kufanya zoezi la kalkulasi. Mvua ya mawe ilikuwa imenyesha alasiri, kama kawaida ya Kericho, na majani ya chai yaliyochanika yalitoa harufu mbichi bonde zima. Ukungu ulikuwa unapanda. Nilitembea upesi, nikiwaza hesabu tu.

Maabara yetu ilikuwa ghala kuukuu lililotumika zamani kunyaushia majani ya chai. Ndani palikuwa na mashine moja kama taipureta kubwa, na waya wa simu ulioiunganisha na kompyuta iliyokuwa Nairobi. Kompyuta yenyewe hatukuwahi kuiona. Tuliiandikia swali, tukasubiri, kisha mashine ikaanza kugonga yenyewe na jibu likatokea kwenye karatasi. Mchana laini ya simu ilikuwa na shughuli nyingi. Sisi wanafunzi tuliachiwa jioni.

Nasema wanafunzi, lakini tulikuwa walimu. Mimi nilikuwa nimefundisha watoto wa darasa la kwanza kule kwetu Kisii kabla ya kuja chuoni kuongeza masomo. Muhula wa kwanza niliumudu. Muhula wa pili ulinishinda. Bwana Owino, aliyetufundisha, alitaka tutafute eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Ukate vipande vyembamba, ujumlishe. Ukate vyembamba zaidi, ujumlishe tena. Rudia mpaka jibu litulie.

"Mashine haichoki," alizoea kusema. "Ukiiambia irudie, iambie pia iache lini. La sivyo mtazeeka, mtazikwa, na yenyewe bado inagonga."

Wenzangu walicheka. Mimi sikuelewa kitu. Aliyenielewesha ni Chelangat, mwenzangu wa dawati, ambaye siku hizo alikuwa mjamzito.

"Ni kama kumpa mtoto jina," aliniambia. "Kwetu sisi Wakipsigis, mtoto akizaliwa, wamama wazee wanakaa naye na kuita majina ya marehemu wa ukoo. Wanaita moja, wanamwangalia. Wanaita lingine. Wanarudia hivyo mpaka apige chafya. Jina likimpigisha chafya, basi, huyo ndiye amerudi. Wanaacha kuita."

"Na akikataa?"

"Wanamwekea ugoro kidogo puani," alisema akicheka. "Utakataa wewe?"

Wakati huo bado alikuwa anacheka.

Alijifungua msichana wakati wa mapumziko mafupi. Aliporudi chuoni alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu. Kule Sigowet, nyumbani kwa mumewe, wazee walikuwa wameita majina mpaka sauti zikakauka. Ugoro uliwekwa. Mtoto aliwatazama tu. Kisha akaanza kukataa ziwa. Kila Chelangat alipokwenda kumwona kwa bibi yake, alikomwacha, alimkuta mwepesi zaidi.

Basi jioni hiyo nilipofungua mlango wa ghala, nilimkuta ameketi kando ya mashine. Mgongoni alikuwa na kifurushi cha shuka.

"Chelangat… huyo ni mtoto? Kwenye baridi hii?"

"Funga mlango, dada."

Nikafunga.

"Niandikie," alinong'ona. "Mimi nitamshika mtoto. Mahali tunapoweka namba za kila mzunguko, weka majina. Taprandich. Tabutany. Tapkigen. Tapnyobi."

Nilivuta kiti, nikaketi mbele ya mashine.

"Mtoto asiyepata jina hakai duniani. Nyumbani wazee wamechoka kuita," akasema. "Hii haichoki. Wewe mwenyewe umesikia."

"Na itaacha lini?" nikauliza, maana ndivyo tulivyofundishwa.

"Usiweke mahali pa kuacha. Mtoto ndiye ataiachisha."

Mwalimu anajua anapoona kosa. Mkono wangu ulisita juu ya vibonye. Lakini nilimsikia yule mtoto akipumua, pumzi ndogo ndogo, kama ya kifaranga kilichonyeshewa.

Niliandika.

Mashine ilikaa kimya. Kisha ikaanza. Ta-ta-ta-ta. Taprandich. Ta-ta-ta. Tabutany. Chelangat alimshusha mtoto mgongoni, akampakata, akawa anamsomea kila jina sikioni. Mimi nilishika taa. Nje mwanga ulikuwa unafifia na ukungu ulikuwa umefunika madirisha. Karatasi ilikuwa inashuka, inajikunja sakafuni.

Taprandich… Tabutany… Tapkigen… Tapnyobi…

Mtoto alitazama dari.

Kisha mashine ikanyamaza.

Haikuwa imewahi kunyamaza katikati ya kazi. Nilidhani laini ya simu imekatika. Niliinama kuangalia waya, na hapo ndipo nilipoisikia harufu.

Ugoro.

Si harufu ya majani mabichi, wala ya mafuta ya mashine. Ilikuwa ugoro mkavu, wa kikongwe, kana kwamba mtu alikuwa amefungua kikopo chake karibu na shingo yangu.

"Umebeba ugoro?" nikanong'ona.

Chelangat alitikisa kichwa. Alikuwa anaitazama karatasi.

Ta.

Mashine iligonga mara moja. Ikatulia.

Ta… ta…

Iligonga polepole, herufi moja moja, kama kidole cha mtu mzee ambaye hakuwahi kwenda shule.

TAPLETGOI.

"Hilo sikuliandika," nikasema.

"Najua."

"Ni nani?"

Chelangat alimvuta mtoto kifuani.

"Ni shangazi wa mume wangu. Hakuwa na mtoto. Nilipoolewa, yeye ndiye alinipokea. Alinipikia, alinifundisha kazi za boma. Ng'ombe wa jirani walikufa. Watu wakaona nyayo za mwanamke kando ya zizi. Nyayo zilikuwa zangu, dada. Nilitoka usiku kujisaidia, nikapita hapo tu. Nilikuwa bibi arusi mgeni. Wazee waliponiuliza, nikaogopa. Nikasema nimemwona yeye."

"Wakafanya nini?"

"Wakamwita mchawi. Wakamfukuza. Mvua ya mawe ilimkuta huko kwenye chai, na ndiko alikookotwa asubuhi, amekufa. Mtu kama huyo jina lake haliitwi tena. Kwa mtoto yeyote."

TAPLETGOI, ikaandika mashine.

TAPLETGOI.

Yale majina mengine hayakurudi. Hilo tu, na sasa halikuwa polepole. Kila herufi iliyogongwa iliitikisa meza. Harufu ilizidi mpaka machozi yakanitoka.

Mtoto akageuza kichwa kuelekea mashine.

Alikunja pua.

Na Chelangat, mama yake, akamfunika pua na mdomo kwa kiganja.

"Chelangat."

"Si yeye," alinong'ona. "Mwingine yeyote. Si yeye."

"Chelangat, mtoto hapumui."

Hakunisikia. Miguu midogo ilikuwa inapiga shuka. Niliitua taa chini, nikaushika mkono wake, nikafungua kidole kimoja kimoja, kama tunavyowafungua watoto wa darasa la kwanza wanapong'ang'ania kitu kisicho chao.

Mtoto alipiga chafya.

Mashine ikaacha pale pale.

Hatukuwa tumeiambia iache.

Harufu iliondoka taratibu, na mlango, ambao nilikuwa nimeufunga mwenyewe, ulikuwa wazi kidogo. Kisha mtoto akalia kilio chenye nguvu, akatafuta ziwa, akanyonya kama aliyetoka safari ndefu.

Bwana Owino alinisikiliza kesho yake bila kunicheka. "Simu za huku huingiliana," alisema. "Au pengine mwenzako aliligonga mwenyewe, kabla hujafika, na mashine ikalikumbuka. Kitu kilichomjaa mtu moyoni hutokea vidoleni, Mwalimu." Nilitaka sana kuamini hivyo. Mpaka leo bado nataka.

Lakini lililofuata halikutoka kwenye mashine. Nilimsindikiza Chelangat nyumbani, na wazee wa Sigowet walipouliza mtoto alipiga chafya kwa jina gani, Chelangat aliinamisha macho akasema, "Tapkigen." Kisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwepo alipopiga chafya.

Nilikubali kwa kichwa.

Tulihitimu. Nilipangiwa shule karibu na Chepseon, na sikuwatembelea kwa muda mrefu. Nilipokwenda hatimaye, mtoto alikuwa anakimbia na kusema vizuri. Wazee walimwita, "Tapkigen, njoo umsalimie mgeni." Hakugeuka. "Haitikii jina lake," bibi yake alilalamika. "Tangu azaliwe. Labda masikio."

Alikuwa ameketi peke yake kando ya zizi la jirani, akichora nyayo za mtu mchangani kwa kidole chake kidogo. Tulimkaribia, mimi na mama yake. Nimezoea watoto. Nikachuchumaa, nikatabasamu, nikamuuliza anachora nini.

Alimtazama mama yake kwanza, kwa upole, kama mkubwa anavyomtazama mdogo.

"Kwa nini ulisema uliniona hapa?"

Chelangat alishika mwimo wa zizi.

Kisha mtoto akanigeukia mimi. Harufu ya ugoro ilinipanda puani.

"Na wewe," akasema. "Wewe ulisikia nikiitwa."