Bomba Lisilo na Bidoni

"Mi iko ndani ya migomba," Hidaya alinong'ona. "Naona bomba."

Sauti ya mheshimiwa Emerensiana ilikwaruza sikioni mwake, kwenye kisikilizi kilichofichwa chini ya mtandio. Yeye alikuwa Gitega, mji mkuu wa Burundi, katika ukumbi wa Mushasha, akiongoza kamati ya Bunge.

"Na sisi tunaona kwa skrini. Maji iko safi, wabunge wanapiga makofi. Donc, we iko na shaka gani?"

Hidaya, askari mpelelezi aliyetumwa na kamati hiyo, alisogeza jani la mgomba.

Mbele yake, katika uwanja wa Giteranyi, Shafii, mkurugenzi wa wakala wa maji, aliinua simu na kuwaonyesha wabunge walioko Gitega bomba jipya. Wakiidhinisha fedha zilizotumika kulijenga, angepewa za mkoa mzima wa Muyinga.

Maji yalimwagika. Mengi. Meupe.

Lakini kitu kilikosekana.

Bidoni.

Muyinga, penye maji pana bidoni, madumu ya kuchotea. Za njano, zimepangwa mstari tangu alfajiri, kila moja ikimshikia mwenyewe nafasi. Hapa palifagiwa kama uwanja wa arusi. Shafii alisafisha kwa ajili ya macho ya wabunge. Akasafisha kupita kiasi.

Jani kavu likavunjika nyuma.

Hidaya aligeuka, bastola ya Makarov mkononi.

"Usinipige, dada! Ni mimi Dorotea, niliyewapigia simu."

Mkulima aliyekulia Tanzania. Kichwani bidoni ya maji ya bwawani, rangi ya chai.

"Mwanangu yuko hospitalini kwa maji haya. Wakipitisha leo, hakuna atakayerudi kututazama."

"Na ile bomba?"

"Tumekatazwa kulisogelea mpaka wabunge wamalize kutazama. Jana liliingia lori. Halijatoka."

Akaelekeza kwa kidevu.

Fuso. Tangi limefunikwa majani ya migomba. Mpira mweusi wa maji ulizama ardhini kuelekea uwanjani. Kando yake, Hilux ya mkurugenzi.

Hidaya alipita kwenye Hilux kwanza, akiinama. Kisha akaiendea koki ya tangi.

Mlinzi akamzibia njia. "Eh, mama! Hapa hamupiti!"

"Mama yako iko nyumbani."

Kiwiko kimoja. Jitu likakaa chini kama gunia la maharage.

"Hidaya!" Emerensiana alihema. "Wanataka kura. Siwezi kuwazuia tena. Mikono inapanda!"

"Angalia skrini, mheshimiwa."

Akafunga koki.

Uwanjani bomba likakohoa. Maji yakawa uzi. Yakawa tone.

Shafii akalipiga kofi. "Ni presha tu, waheshimiwa. Petit problème, shida ndogo!"

Dorotea akatoka migombani. Akamwaga maji yake machafu mbele ya simu, akaweka bidoni chini ya bomba. Nyuma yake mwanamke mwingine. Mwingine tena. Mstari wa njano ukajaa kwenye skrini ya Gitega.

"Tumekuja kuchota, mkurugenzi. Si umesema ni letu?"

Simu ikasema kwa sauti ya Emerensiana: "Wape maji, bwana Shafii."

Shafii akatupa simu, akakimbilia Hilux.

Tairi zote zimelala.

"Pole, patron," Hidaya alisema, akimfunga pingu mlangoni mwa gari.

Sikioni: "Mikono imeshuka. Hakuna kura. Polisi wanakuja kumchukua Shafii, na kesho tunaleta wakaguzi huko. We unarudi lini?"

Hidaya alilitazama Fuso. Maji yake yalikuwa safi.

Akafungua koki tena.

Kelele za furaha za wanawake zilimfikia akiwa tayari barabarani, akimpungia mkono mwenye baiskeli ya abiria.