Mpira Usioanguka

Walikutana saa mbili asubuhi, mgahawa wa Masta Iwase umejaa watu wa ofisi hadi mlangoni, kila mmoja na mkate wake wa kuchoma na yai la kuchemsha. Yoshinari Asai, karani mgeni wa kampuni ya vigae, alikosa pa kukaa isipokuwa kwenye meza ya kioo yenye mchezo wa video wa kuvunja matofali ndani yake. Akatia sarafu ya yeni mia asije akaonekana mshamba. Mpira wa kwanza ukampita. Wa pili ukampita. Wa tatu ulikuwa njiani kuanguka pale mhudumu wa sketi ya kijani, trei ya kahawa mkono wa kushoto, alipoinama, akazungusha kitufe kwa mkono wa kulia, akaurudisha mpira juu kwenye matofali, akaenda zake.

"Nani kakufundisha?" Yoshinari alimuuliza aliporudi.

"Wewe. Nimekuangalia unavyocheza, nikafanya kinyume."

Mhudumu huyo ndiye Mitsuyo Hibino. Haukupita mwezi, Yoshinari akawa anapiga simu kutoka ofisini akijifanya kuagiza kahawa, na Masta Iwase anamwita Mitsuyo mbele ya wateja kwamba ile kahawa isiyonywewa imepiga simu tena. Kila Jumapili walicheza wamekaa ana kwa ana. Mpira wa mmoja ukianguka, picha hujigeuza ikamwelekea mwenzake. Kwa jinsi mipira ya Yoshinari ilivyowahi kuanguka, Mitsuyo akawa anamwita "mpenzi wangu wa sekunde kumi." Alimnunulia tai ya bluu. Alimpenda, na hakuona sababu ya kulificha.

Sasa tazama alivyolipwa. Alhamisi moja aliingia Bi Tsuge, mshenga wa mtaa, pamoja na mama mmoja wa kimono cha kijivu. Mitsuyo alipowapelekea kahawa, akakuta mezani imefunguliwa picha ya studio, ile ya kuonyeshwa wazazi wa binti, na ndani yake yumo Yoshinari, amenyoosha shingo, kavaa tai ya bluu. Bi Tsuge alikuwa akimweleza mama wa binti kwamba kijana ni mtulivu, na kwa kuwa binti ni mpwa wa mkuu wake wa idara, mambo yatakwenda vizuri. Wangekutanishwa Jumapili, saa tano kamili, hoteli ya karibu na stesheni. Mitsuyo aliweka vikombe bila kumwaga hata tone. Kumwagia mtu kahawa kusingemtosha.

Jumapili Yoshinari alifika saa nne, suti nyeusi, nywele zinang'aa mafuta. Alisema anapita tu, ana shughuli ya kikazi. Angesema kweli, labda Mitsuyo angelia yakaisha. Uongo ule ndio uliommaliza. Akavua aproni, akaketi mbele yake.

"Mchezo mmoja, mpenzi. Ila hakuna kuondoka mezani mpaka wote tumalize mipira yetu."

"Dakika tano tu hizo."

"Kwa upande wako, ndiyo."

Mpira wa kwanza wa Yoshinari ulianguka hapo hapo. Picha ikageuka. Mitsuyo akashika kitufe.

Ukuta wa kwanza ukaisha, ukatokea wa pili. Yoshinari alianza kuangalia saa yake kila baada ya pigo. Saa nne na nusu mama yake alipiga simu mgahawani kumtafuta, Yoshinari akamwomba Masta Iwase aseme ameshatoka. Ukuta wa pili nao ukaisha. Mashine ile ilikuwa na kuta mbili tu. Mpira ukabaki unazunguka katika uwanja mtupu, hauna cha kuvunja, na Mitsuyo anaurudisha tu, anaurudisha, mpaka saa tano ikapita.

"Anakusubiri," alisema, macho kwenye kioo. "Mpwa wa mkuu wako. Ameamka alfajiri kutengenezwa nywele, maskini, kwa ajili yako."

Rangi ilimtoka Yoshinari. Akaeleza harakaharaka kwamba mkuu akikutafutia mchumba humkatai kabla ya kumwona. Unakwenda, unakunywa chai, kesho yake mshenga anapeleka jibu la hapana kwa adabu. Jumatatu angekataa, akaapa.

"Ila ndiyo basi," akasema. "Umeshanizuia."

Mitsuyo aliyaamini ya Jumatatu. Kilichomchoma ni namna alivyoshusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Saa nzima angeweza kusimama akaenda. Alibaki kwa sababu mkono wa Mitsuyo ulikuwa unamkatalia mchumba kwa niaba yake, na kesho ofisini ingesimuliwa habari ya mhudumu mwenye wazimu.

Akaondoa mkono kwenye kitufe. Mpira ukaanguka.

"Haya, uko huru. Kwa teksi ni dakika sita. Nenda au baki, shauri yako. Lakini mimi sitakuwa kisingizio chako."

Simu ya mgahawa, ile ya rangi ya waridi, ikalia tena kaunta. Masta Iwase akasikiliza, akaziba kipokeo kwa kiganja.

"Mama yako. Yuko hotelini na binti na watu wake. Anauliza nani kakuzuia."

Yoshinari alimtazama Mitsuyo. Mitsuyo hakumsaidia hata kwa kupepesa jicho. Yoshinari akaenda kaunta, akashika kipokeo kwa mikono miwili.

"Mama, siji. Hakuna aliyenizuia. Kuna mtu ninayetaka kumwoa, ni mhudumu, anaitwa Mitsuyo Hibino. Ilinipasa nimwambie mkuu tangu mwanzo. Niliogopa."

Mgahawa mzima ukaisikia sauti ya mama yake ikitoka kwenye simu. Yoshinari akaiinamia simu ile mara moja, mara mbili, mara ya tatu, ndiyo Mama, samahani Mama, jasho linaingia kwenye kola. Mitsuyo alijua atamkubali, lakini si leo. Leo alivuta kiti hadi karibu na kaunta, akaketi, asipitwe hata na neno moja.