Mfumo Unasema Maji Yapo

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Evelina alizunguka shule yao iliyo kando ya ziwa, si mbali na Kigongo, akiwa amekumbatia kishikwambi. Alikuwa darasa la sita na kiranja wa mazingira. Alikagua mabomba, vyoo na madirisha. Kitu kikiharibika, alikipiga picha na kutuma taarifa kwenye mfumo wa kompyuta wa matengenezo, ambao shule ilipewa mwanzoni mwa mwaka. Taarifa ilimfikia fundi kwenye simu. Akimaliza kazi, alibonyeza, na alama nyekundu ikageuka kijani.

Hivyo ndivyo walivyoelezwa. Asubuhi hiyo Evelina alifungua bomba la kisima, likakohoa kidogo, likanyamaza. Pampu ilikuwa imekufa tangu muhula ulipofunguliwa. Kila alipotuma taarifa, siku chache baadaye alama iligeuka kijani. Hata sasa iling'aa: "Pampu ya kisima: imekamilika."

"Imekamilika nini?" alifoka peke yake. Kama kishikwambi kisingekuwa mali ya shule, angekitupa ziwani.

Alikuwa na sababu ya kukasirika. Kwa kuwa kisima hakikutoa maji, wanafunzi walichota ziwani, wakiingia majini hadi magotini katikati ya matete. Sasa rafiki yake Adongo alikuwa anaumwa tumbo na kupata choo chenye damu. Kwenye zahanati walimwambia ni kichocho, wakampa dawa na kumwonya asikanyage tena maji ya ziwa. Ni rahisi kusema. Zamu ya kuchota ikifika, nani angemsikiliza?

Mstarini, Mwalimu Mkuu Obedi alitangaza kwa furaha kwamba kesho kutwa angekuja mgeni kutoka kampuni iliyotengeneza mfumo, kukusanya maoni ya watumiaji. Kisha akaanza kuwafundisha maoni yenyewe.

"Semeni: mfumo ni mzuri, unaturahisishia kazi, tunaomba uendelee. Haya, wote!"

Wakaitikia wote isipokuwa Evelina. "Mwalimu, lakini pampu haifanyi kazi."

"Evelina, mgeni hasemwi akiwa kwako. Atatuonaje? Tutamweleza siku nyingine."

Siku nyingine! Mgeni akishaondoka na sifa zake, nani angerudi kusikia habari ya pampu?

Mchana, Fundi Venant alifika na pikipiki kutengeneza kitasa cha ofisi, ili mgeni asikute mlango mbovu. Evelina alimfuata hata kabla hajavua kofia.

"Shikamoo, Fundi. Kwa nini unadanganya?"

"Marahaba. Nimedanganya nini tena, mwanangu?"

"Unabonyeza kwamba umetengeneza pampu, wakati hujaigusa! Adongo anaumwa kwa sababu yako!"

Venant alikunja uso. Hakuzoea kukaripiwa na mtoto. "Sikiliza wewe. Mimi sijabonyeza chochote. Mara ya kwanza taarifa yako ilinikuta Misungwi, kwenye kazi nyingine. Nilipotaka kuifungua, imeshatoweka. Nikajua mmepata fundi mwingine. Nyingine zilifungwa hata kabla sijaziona."

"Sasa nani amefunga?"

"Mfumo wenyewe! Taarifa ikikaa siku chache bila kuguswa, unaifunga na kuandika imekamilika. Nimewapigia simu wenye kampuni mpaka nimechoka. Wananijibu kwamba watumiaji wote wameridhika. Na pampu siigusi bila Mwalimu Mkuu kuniagiza."

Kumbe Evelina alikuwa amemkasirikia mtu ambaye naye ana hasira zilezile.

Mgeni alifika siku iliyotangazwa, mwanamke mchangamfu aitwaye Wilhelmina. Aliuliza maoni, na darasa zima likaimba mafunzo ya Mwalimu Obedi. Alifurahi sana. Akafungua kompyuta yake akawaonyesha: shule yao ilikuwa ya kijani mwanzo mpaka mwisho.

Chakula kikawa tayari, ugali na sato. Mwalimu Obedi akaangaza macho, akamwona Adongo amesimama karibu. "Wewe, kimbia ziwani ulete maji mgeni anawe."

Adongo alimtazama Evelina, akainama kuokota ndoo.

"Iache," alisema Evelina. "Mimi nitamnawisha."

Alichukua jagi na beseni. Akapiga magoti mbele ya mgeni kama alivyolelewa na mama yake, akasema, "Karibu unawe, mama." Wilhelmina akanyoosha mikono. Evelina akainamisha jagi. Halikutoka hata tone. Akaliinamisha zaidi, mpaka mdomo ukatazama chini.

"Binti, hakuna maji humu," alisema Wilhelmina akicheka.

"Yapo, mama. Mfumo wako unasema yapo." Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Unasema pampu imekamilika. Haijaguswa! Tunachota ziwani, na huyu rafiki yangu amepata kichocho. Hayo ndiyo maoni yangu."

"Evelina!" Mwalimu Obedi alisimama ghafla. "Unatuaibisha!"

Lakini Wilhelmina hakuwa akicheka tena. Aliangalia mikono yake mikavu, kisha akamwangalia Adongo na ndoo yake. "Mwalimu, mmenipa sifa, na mimi nilikuwa naenda kuupeleka mfumo huu shule nyingine hivi ulivyo. Kweli mngeniacha niondoke bila kujua haya?"

Mwalimu Obedi akakaa polepole.

Fundi Venant aliitwa hapohapo, na jioni pampu ikanguruma. Kampuni nayo ikarekebisha mfumo usiku uleule: taarifa haifungwi tena mpaka aliyeituma akubali kwamba kazi imefanyika.

Kesho yake mstarini, Mwalimu Obedi alizungumza taratibu. "Nilidhani kumheshimu mgeni ni kumsifia. Nilikosea, na kosa langu lilikuwa linamrudisha mtoto mgonjwa kwenye maji yaliyomwumiza. Adongo, nisamehe. Mkiulizwa maoni, semeni kweli, kwa adabu, hata kama mimi nimewafundisha vingine. Sifa ya uongo huumiza mtu ambaye hayupo mezani."

Baada ya mstari, kishikwambi kilimwuliza Evelina: "Pampu ya kisima imetengenezwa?" Hakubonyeza. Alikwenda kisimani na Adongo, akafungua bomba. Adongo akanawa mikono, akanawa uso, akanawa na miguu, akicheka.

Ndipo Evelina akabonyeza ndiyo.