Uyoga wa Dawa, Uyoga Wenye Dawa

Kila nikitoka shuleni nilikuwa na kazi zangu: kuvua sare, kuosha vyombo vya mchana, kisha kumpelekea bibi maji ya kunywa barazani. Baba ni dereva wa lori, mara nyingi yuko safarini. Mama hufanya kazi kiwandani na hurudi jioni. Kwa hiyo mchana tulibaki watatu nyumbani: bibi, shangazi na mimi. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amehamia kwetu hivi karibuni, na yeye ndiye aliyeniletea balaa la mlango wenye kufuli.

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo. Shangazi alikisafisha, akaziba dirisha kwa magunia, akaanza kuotesha uyoga humo. Alichemsha mabua makavu kwenye pipa, akayajaza katika mifuko ya nailoni pamoja na mbegu za uyoga, akaining'iniza mifuko hiyo gizani. Haya, hilo nililielewa. Lakini uyoga gani huo unaofungiwa kwa kufuli? Mchicha wa jirani uko wazi, hata kuku wanauona! Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mtu akifunga mlango mbele yangu, siku nzima natafuta sababu.

Siku moja nilikuta mlango umeachwa wazi kidogo, nikachungulia. Lo! Shangazi alikuwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni. Alishika bomba la kupulizia, na alikuwa akipulizia mfuko mmoja baada ya mwingine. Chini, karibu na mlango, kulikuwa na chupa iliyoandikwa kwa kalamu nzito: DAWA. USIGUSE.

"Wewe, unatafuta nini hapo?" aliniuliza bila kugeuka.

"Napita tu, shangazi."

"Pita basi! Na usithubutu kuingia na miguu yako hiyo michafu."

Machale yakanicheza. Mtu anayemwagilia chakula anajiziba pua kwa nini?

Kesho yake nilimsimulia jirani yangu wa dawatini. Darasani tunamwita Redio, kwa sababu akiwaka hazimiki.

"Dawa ya nini?" Redio aliuliza, macho yamemtoka. "Ya mbu? Ya mende? Ya panya?"

"Haikuandikwa. Imeandikwa dawa tu."

"Basi ni ya panya. Nakwambia, huo ni uyoga wenye dawa. Nani anaula?"

"Bibi. Kila siku."

Redio alinyamaza, na hilo peke yake lilitosha kunitisha.

Jioni hiyo fundi cherehani wa mtaani kwetu alipiga hodi. "Nimefuata ule uyoga wa dawa," alimwambia shangazi, tena kwa sauti, bila hata kuona haya. Shangazi akamfungia kwenye karatasi, wakaagana wakicheka. Nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza yote. Kumbe hata wateja wanajua!

Tangu hapo sikuugusa uyoga ule. Ukiletwa mezani nilisingizia tumbo. Nikaanza kumchunguza bibi, na niliyoyaona hayakunifurahisha. Akiinuka kitini, alishika ukuta kwanza. Akitembea, alisimama katikati ya uwanja kana kwamba amesahau alikokuwa anakwenda.

"Bibi, unaumwa?"

"Kichwa tu, mjukuu wangu. Na kizunguzungu kidogo."

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Tangu mwezi huu uanze. Lakini usimwambie shangazi yako, ataanza kunilinda kama yai."

Tangu mwezi uanze! Ndipo shangazi alipovuna uyoga wake wa kwanza. Lakini sikumwambia mtu. Nitasemaje? Mtoto kama mimi, nimshtaki mtu mzima, tena kwa mama yake mzazi? Nilimpenda bibi kuliko mtu yeyote, na bado nilifunga mdomo siku baada ya siku, nikimtazama akilamba vidole.

Jumamosi ndiyo iliyonishinda. Bibi alikaa barazani na sahani yake ya uyoga uliokaangwa. Mkono uliobeba kijiko ulikuwa unatetemeka, na macho yake yalikuwa mekundu. Sikufikiri tena. Niliipokonya sahani na kuimwaga yote chini.

"Ala!" Shangazi alitoka jikoni mbio. "Una wazimu wewe mtoto?"

"Huo uyoga una dawa!" nilipiga kelele.

"Ndiyo, ni dawa," bibi alisema kwa mshangao. "Ndiyo maana naula."

"Bibi, una dawa! Nimeiona mwenyewe mlangoni!"

"Sasa mbona unanimwagia?"

Shangazi alitutazama mmoja baada ya mwingine kama watu waliochanganyikiwa. Kabla hajafungua mdomo, bibi alijaribu kuinuka aokote sahani, miguu ikamwisha nguvu, akamwangukia shangazi kifuani.

Jirani mwenye pikapu ndiye aliyetukimbiza zahanati. Mimi nilichelewa kupanda kwa sababu nilirudi kwenye chumba cha nyuma, ambacho siku hiyo kilikuwa hakijafungwa, kuchukua ushahidi wangu: ile chupa, na uyoga mmoja nilioufunga kwenye kitambaa. Njia nzima shangazi alimshika mama yake mikono, akirudia, "Mama, nisikie. Mama, usilale." Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Nilijiambia kwamba hata muuaji anaweza kulia.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoshukia puani. Alimfunga bibi kipimo mkononi, akakitazama, akapima tena. Uso wake ulibadilika. "Presha imepanda sana," alisema. Hapo mimi nikaweka chupa mezani.

"Ni hii! Shangazi anapulizia uyoga dawa hii, halafu anampa bibi."

Shangazi alinikodolea macho. Muuguzi alifungua kizibo, akanusa, akakunja pua.

"Hii ni dawa ya kusafishia sakafu. Hii unaitumiaje, mama?"

"Namimina kidogo kwenye beseni mlangoni, nakanyaga ndipo niingie," shangazi alijibu kwa sauti ndogo. "Uyoga haupendi uchafu. Vijidudu vikiingia, mifuko yote inaoza. Ndiyo maana nafunga kufuli na kujiziba mdomo. Kwenye bomba mna maji matupu, basi." Akanigeukia. "Kwa hiyo ulidhani namuua mama yangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kama si uyoga, bibi anaumwa nini? Muuguzi naye alionekana kujiuliza hivyohivyo. Alimwinamia bibi.

"Bibi, dawa za presha unatumia?"

"Natumia vizuri tu, mwanangu."

"Kila siku?"

"Kila siku, siachi."

"Unatumiaje?"

"Naikaanga na kitunguu," bibi alijibu. "Nikipata nyanya, naongeza na nyanya."

Muuguzi alivua miwani. "Na vidonge?"

"Vile vichungu? Niliviacha. Binti yangu aliniambia, 'Mama kula, huu uyoga ni dawa.' Sasa dawa nimeshakula, vidonge vya nini tena?"

Shangazi alikaa chini palepale sakafuni, mikono kichwani. "Mama jamani! Nilisema tu, kama watu wasemavyo usingizi ni dawa. Sikukwambia uache vidonge!"

Muuguzi hakumkemea. Alimpa bibi kitanda, akaita daktari, naye akampa matibabu. Tulikaa kwenye benchi mpaka presha ilipoanza kushuka. Ndipo muuguzi akatuita wote kando ya kitanda.

"Uyoga ni chakula kizuri sana," alisema. "Una protini, una nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, mafuta yake ni kidogo. Wataalamu wanachunguza aina fulani za uyoga waone kama zinaweza kusaidia mwili kupambana na maradhi. Endeleeni kuula, ila uwe huo wa kupandwa, si wa kuokota porini usiojulikana. Lakini sahani ya uyoga haichukui nafasi ya kidonge. Na ukiuza, mama, usimwambie mteja kwamba ni dawa. Mwambie ni chakula cha kuujenga mwili. Atakayetaka kutumia uyoga wa unga au wa vidonge, aje kwanza atuambie, maana unaweza kugombana na dawa anazomeza."

Kisha akaniangalia mimi. "Na wewe ulikosea. Si kwa kushuku. Uliona bibi anaumwa, na macho yako yalikuwa sahihi. Kosa lako ni kunyamaza. Ungeuliza siku ya kwanza, 'Shangazi, hii ni dawa ya nini?' angekujibu. Ungesema bibi ana kizunguzungu, tungemwona mapema. Ukiwa na wasiwasi juu ya afya ya mtu, umwambie mtu mzima siku hiyohiyo."

Nilimwendea shangazi nikiwa nimeinamisha kichwa. "Nisamehe, shangazi." Alinivuta akanikumbatia, kwa nguvu nyingi mpaka mbavu zikaniuma, na sote wawili tukalia bila aibu.

"Mngenizika," bibi alisema kutoka kitandani, "huku najisifu kwamba nimepona." Muuguzi alimpa kidonge na maji. Bibi alikunja uso, akakitia mdomoni, akanywa, akatupungia mkono kuonyesha kwamba mambo yamekwisha.

"Inua ulimi, bibi," nilisema.

"Eti nini?"

"Inua ulimi nione."

Bibi alininunia. Halafu, polepole, akatema kidonge kiganjani, akaomba maji mengine, na safari hii akakimeza kweli.