Daktari Aliyejipeleka Kharga

"We baba, toa makartoni yako mlangoni, watu washuke! Treni siyo ghala la mzazi wako!"

Aliyefoka hivyo alikuwa Rawya, daktari bingwa wa watoto, aliyekuwa akirudi Aleksandria kutoka mkutanoni Kairo. Suti yake ya rangi ya maziwa haikuwa na hata mkunjo, na ushungi wake wa samawati ulikuwa umefungwa ukafungika. Kituo cha Sidi Gaber, mjini humo, kilikuwa kimefurika. Mbele yake mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu alikuwa ameinamia makartoni ya tende.

"Ukali wako uko palepale, Mama Kuzimia," akajibu yule mtu bila kugeuka.

Rawya akaganda. Jina hilo walilijua waliosoma naye udaktari tu. Siku ya kwanza ya kupasua maiti, alizimia hata shuka halijafunuliwa, na kijana mmoja mwembamba akamdaka.

"Mamduh?"

"Mwenyewe. Nimenenepa, eti?"

"Umezeeka!"

"Na wewe umependeza. Mungu hana usawa hata kidogo."

Rawya akacheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka. Miaka kumi na miwili alikuwa amejiapiza kwamba siku akimwona mtu huyu atampita kama nguzo ya umeme. Ona sasa, moyo unamdunda kama wa msichana!

Wote wawili walikuwa wakienda kwenye chakula cha mchana cha wanafunzi wa zamani, alichokiandaa Bahiga, rafiki yao wa damu. Wakapanda teksi moja. Simu ya Rawya ikalia.

"Uko wapi, roho yangu? Samaki wanapoa!" Ilikuwa sauti ya Bahiga.

"Njiani. Niko na... Mamduh."

Bahiga akapiga ukelele hata dereva akageuka. "Msigombane! Mkigombana nawafungia nje!"

Bahari ilikuwa ikimetameta dirishani, na hakuna aliyeitazama.

"Umeoa?" Rawya akauliza.

"Nani wa kunikubali? Wewe?"

"Nilivunja uchumba mara mbili. Wa kwako ndio ulikuwa wa kwanza."

Kisa chenyewe, ndugu msomaji, ndicho hiki. Walipomaliza chuo, serikali ndiyo iliyowapangia vituo vya kazi, na mwenye ndoa hupangiwa mjini, karibu na mwenzake. Mamduh alikuwa amemvisha Rawya pete. Siku moja kwenye mkahawa wa chuo Rawya akamsikia akiwaambia wenzake, "Namwoa Rawya kabla majina hayajatoka, nilikwepe jangwa!" Wenzake wakaangua kicheko. Rawya hakucheka. Kumbe mimi ni tiketi? Jioni ileile akarudisha pete. Baadaye akasikia Mamduh yuko Kharga, ndani kabisa ya jangwa, akajiambia: amelikimbia, limempata. Alilia wiki nzima, lakini hilo hakumwambia mtu.

Teksi ikafika mkahawani kwenye karamu ya Bahiga, wakapokewa kwa kelele. Meza ilijaa samaki wa kuchoma, wali wa vitunguu na kamba, na madaktari wazima wenye vipara na vitambi wakitukanana kwa majina ya utani ya chuoni. Wakawakumbuka waliofariki, wakawasema waliohamia Ulaya. Kisha Gamil, mpasuaji mwenye sauti nzito, akanyanyua glasi ya maji ya miwa.

"Mama yangu anawasalimu. Na wewe Mamduh, kila swala anakuombea. Bila wewe nani angempeleka akasafishwe figo?"

"Gamil, kula samaki wako," Mamduh akasema haraka.

"Kwa nini nisiseme? Kharga nilipangiwa mimi! Yeye alama zake zilimpa Aleksandria, hapahapa, hospitali kubwa. Akaja kwangu akasema, tubadilishane, wewe una mgonjwa."

Rawya akaweka uma chini.

"Kwa hiyo hukuhitaji ndoa ili ubaki mjini?"

"Ulikuwa mzaha wa kipumbavu," Mamduh akasema. "Lakini alama zangu ulizijua, Rawya. Tulisoma pamoja kila siku. Nikasema, kama hata wewe unaniona mtu wa hila, nibaki mji huu kwa ajili ya nani?"

"Ungenifuata! Ungenigombeza!"

"Nilikuwa na kiburi."

"Na mimi nilikuwa na woga. Nilikupenda mpaka nikatafuta sababu ya kutoamini." Machozi yakamtoka mbele ya watu, wala hakuyafuta. "Bado nakupenda. Nioe."

Bahiga akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kharga jua linachemsha ubongo," Mamduh akasema.

"Watoto wa huko hawaumwi?"

"Wanaumwa. Na bingwa wa watoto hatuna, tumeomba hadi tumechoka. Ndiyo maana naogopa. Watu watasema Mamduh amemwoa ili apate daktari wa hospitali yake."

"Waseme!" Rawya akapiga meza, glasi zikaruka. "Waseme mpaka ndimi ziwaote malengelenge! Safari hii mimi simsikilizi mtu. Unanioa au hunioi?"

"Nakuoa, nuru ya macho yangu. Hata kesho."

"Kesho mbali."

Akampigia simu mama yake palepale, akaweka sauti ya juu.

"Mama, naolewa."

"Na nani tena?"

"Mamduh."

"Yule uliyemfukuza?"

"Huyohuyo."

"Alhamdulillahi! Umepata akili nami pumzi ya vigelegele ningali nayo!"

Bibi kizee akavipiga kweli, virefu, vikali, hata simu ikakwaruza. Bahiga akavipokea, na wanawake wa meza za jirani, wasiomjua bibi wala bwana harusi, wakasimama wakavipiga nao.