Anwani ya Mlango

Soko la Kasongo lilikuwa limefurika watu, Faida alipogongana na mwanaume aliyejizungushia waya wa bluu shingoni. Unga wa muhogo ukamwagikia kitenge chake cha njano.

"We mwenye kuvaa waya kama cheni, hauone mutu?"

"Pole, mama. Ni waya ya mtandao. Kuja centre ya kompyuta jioni, nikufundishe."

"Na miaka yangu thelathini na nane?"

"Kompyuta haiulize miaka, sheri," akamtania, akimwita mpenzi kwa Kifaransa.

Faida akaenda. Alijifunza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, pole pole, wa mwisho darasani, na Clovis, yule mwenye waya aliyekuwa mwalimu wake, akampenda.

Kisha Clovis akapata kazi ya antena ya satelaiti Salamabila. Mnara wa simu ulipokufa huko, wakabaki kuongea kwa satelaiti hiyo na kompyuta ya centre.

"Ijumaa baba mukubwa wangu anataka kusikia sauti yako mwenyewe," Clovis alimwambia Jumatatu. "Ukikubali, tunakuja kuposa."

Tangu Jumanne, kimya. Faida alijua ameachwa. Ijumaa, mwenye pikipiki akaleta karatasi ya Clovis: "Siku tatu haujibu. Kama umenikataa, sema. Saa kumi na moja baba mukubwa anaenda kuniposea binti wa kijiji cha Lusangi."

Ilikuwa saa kumi na nusu. Mwalimu mpya alikuwa kwenye matanga Nyangwe. Pale centre, Faida alianguka magotini kando ya meza ya kompyuta.

"Ee Bwana, kama kosa ni langu, nionyeshe."

Akaandika *ip addr*, amri ya kuonyesha anwani ya mashine. Ikatokea 192.168.1.1.

Akakumbuka. Jumanne, katika zoezi la kuipa mashine anwani kwa mkono, alichagua namba moja kwa furaha, maana hakuwahi kuwa wa kwanza. Lakini moja ni ya rauta, kisanduku ambacho mashine zote hupitia ili zifike nje. Alikuwa amejipa anwani ya mlango, na ujumbe wake wote ukamrudia mwenyewe.

Akaifuta. Akaweka 192.168.1.38, namba ya miaka yake, halafu njia ya kutokea: *ip route add default via 192.168.1.1*. Akampigia Clovis kwa kompyuta.

"Clovis! Ni mimi nilifunga mlango!"

"Faida? Baba mukubwa amesimama, anatoka..."

"Mwambie nakubali!"

"Sauti inakatika, sheri. Rudia!"

"NAKUBALI!"

Wanafunzi wote wa centre wakageuka. Kwa mbali, ndani ya kompyuta, baba mukubwa akakohoa.

"Basi apike ule unga ulioniambia ulimwaga sokoni, Clovis. Tunakuja."